Nyoka Hakumdhuru, Wembe Ndio Uliomdhuru

Leo nataka kusema habari za nyoka. Najua wengine mkiliona neno hilo tu mtataka kugeuza ukurasa. Msigeuze. Nyoka ninayemtaja hapa hana sumu ya kumdhuru mtu. Lakini kwa sababu yake kijana mmoja alikaa wiki sita bila kushika jembe, na mama mmoja akapoteza mguu. Imekuwaje nyoka asiye na sumu alete hasara kubwa namna hiyo? Hilo ndilo ninalotaka tulifikiri pamoja.

Mimi ni mganga msaidizi wa zahanati katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Wanakijiji wananiita daktari. Mimi si daktari. Nina cheti, na nina umri wa miaka 26. Wazee wanaonijia ni sawa na baba na babu zangu, kwa hiyo ninayoyaandika hapa nayaandika kwa heshima. Lakini nayaandika.

Siku moja mwaka 2023, saa nne za asubuhi, nilisikia kelele nje ya zahanati. Watu wanne walikuwa wamembeba kijana wa miaka 19 juu ya machela ya miti. Alikuwa akipalilia iliki katika shamba la mjomba wake, chini ya miti mikubwa ya msitu. Alipoinua majani ya iliki, nyoka wa kijani akamuuma mkononi, karibu na kidole gumba.

Mjomba wake alikuwa ametangulia mbele, jasho linamtoka.

"Daktari, tusaidie. Kijana ameumwa na koboko wa kijani."

"Mmemwona vizuri huyo nyoka, mjomba?"

"Tumemwua. Huyu hapa."

Akafungua gunia. Ndani alikuwamo nyoka mwembamba, wa kijani, urefu wake haukufika mita moja. Kichwa kilikuwa kimepondwa kwa fimbo. Nasema kweli, mimi mwenyewe niliogopa. Chuoni tulifundishwa dalili za sumu ya nyoka, lakini hatukufundishwa kumtambua kila nyoka wa msituni. Na katika zahanati yangu siku hiyo sikuwa na dawa ya kuzuia sumu ya nyoka hata chupa moja.

Kisha nikautazama mkono wa kijana. Alama za meno ya nyoka zilikuwa ndogo sana, kama mikwaruzo ya miiba. Lakini juu ya kiwiko mkono ulikuwa umefungwa kamba ya katani, imekazwa kwa kijiti mpaka imezama ndani ya nyama. Vidole vilikuwa vimevimba na kuwa na rangi ya zambarau. Na penye jeraha palikuwa na chale nane za wembe, ndefu, zinatoka damu. Juu ya chale hizo walikuwa wamepaka unga mweusi wa mizizi.

Nilimlaza kijana, nikailegeza ile kamba polepole huku nikimwangalia anavyopumua. Nikampigia simu tabibu wa hospitali ili anielekeze. Akaniambia nifanye jambo ambalo kila zahanati yenye chupa ndogo ya kioo inaweza kulifanya. Nilichukua damu kidogo ya mgonjwa, nikaitia katika chupa safi na kavu ya kioo, nikaiacha imetulia kwa dakika 20. Kisha nikaiinamisha. Damu ilikuwa imeganda. Kama damu isingeganda, ningejua kwamba sumu imeiharibu. Nilikipima kipimo hicho tena baadaye, na tena. Niliangalia kope zake kama zinalegea. Nilimwuliza kama anaona vitu viwili viwili. Nilimpa maji anywe ili nione kama anameza vizuri. Tulikaa naye usiku kucha, mpaka kesho yake saa nne. Hakuna dalili hata moja ya sumu iliyoonekana.

Jioni ya siku ile alipita mzee mmoja ambaye alifanya kazi miaka mingi ya kulinda msitu wa hifadhi. Nilimwonyesha yule nyoka. Alimgeuza kwa kijiti, akacheka kidogo.

"Huyu ni ukukwi, mwanangu. Huyu anakula vyura."

Baadaye nilisoma habari zake. Ukukwi ni jina la nyoka wembamba wa kijani wakaao mitini, nao wako wa aina kadhaa. Huyu wetu ni wa misitu ya Usambara na misitu mingine ya mashariki ya Tanzania. Nje ya sehemu hizo ni watu wachache sana wanaomjua. Mtaalamu mmoja wa makumbusho ya London, George Albert Boulenger, ndiye aliyemwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1895, na jina alilompa kwa lugha ya wataalamu maana yake ni "mwenye macho makubwa". Hutembea mchana. Hupenda vichaka na majani yaliyo karibu na maji, maana huko ndiko waliko vyura. Hutaga mayai. Hana meno ya sumu. Akishikwa huuma, kama vile paka anavyoparua, na damu kidogo hutoka. Basi, yamekwisha.

Kwa hiyo nyoka hakumdhuru yule kijana. Lakini siku ya tano alirudi kwangu. Chale zile nane zilikuwa zimetunga usaha. Alikuwa na homa. Vidole viwili vilikuwa na ganzi kwa sababu ya ile kamba. Nilikuwa nimemchoma sindano ya kinga ya pepopunda, na nilishukuru kwamba nilifanya hivyo, kwa maana wembe ule ulitoka katika ukuta wa nyumba, ulipokuwa umechomekwa. Ni nani mwingine aliwahi kuchanjwa kwa wembe ule? Hakuna aliyejua. Virusi vya UKIMWI na ugonjwa wa ini huweza kupita katika wembe wa namna hiyo.

Ilimchukua wiki sita kupona. Iliki ya mjomba wake ililiwa na magugu.

Mpaka hapa wengi mtasema: basi, bahati mbaya, lakini kijana alipona. Ndiyo, alipona. Na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipoanzia.

Unajua kijijini walisema nini? Hawakusema kwamba nyoka alikuwa hana sumu. Walisema, "Kijana aliumwa na koboko wa kijani, akachanjwa, akapakwa dawa ya mzee, akapona." Nilieleza dukani, nilieleza penye bomba la maji. Watu walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaondoka na habari yao ile ile. Sikuwalaumu. Walimwona nyoka kwa macho yao, waliona wembe, na waliona kijana hakufa. Mtu hufuata alichokiona.

Mwaka uliofuata, 2024, mama mmoja alikuwa akirudi nyumbani jioni kwa njia ya bondeni bila taa. Alimkanyaga kifutu. Ndugu wasomaji, kifutu hana mchezo. Ni nyoka mnene, mzito, hulala kimya juu ya njia, na sumu yake huozesha nyama. Mguu ulianza kuvimba usiku ule ule. Mumewe alitaka kumleta zahanati. Lakini ndugu wakasema hapana, apelekwe kwa mzee aliyemponya yule kijana. Akachanjwa. Akawekewa jiwe la nyoka. Akafungwa kamba. Siku mbili nzima.

Aliponifikia mguu ulikuwa mweusi mpaka karibu na goti, na malengelenge makubwa yamejaa maji na damu. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mfanyabiashara mmoja wa matunda. Huko walimpa dawa ya kuzuia sumu na wakaokoa uhai wake. Mguu hawakuweza kuuokoa. Waliukata chini ya goti.

Nilikwenda kumwona. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Mbona kwa yule kijana ilifaa?"

Swali lile ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Naomba sasa tulijibu kwa hesabu, hesabu ndogo tu kama zile za darasa la kisomo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kama 5,400,000 huumwa na nyoka duniani. Kati yao, wanaopata sumu mwilini ni kati ya 1,800,000 na 2,700,000. Yaani ukichukua watu 10 walioumwa, watatu mpaka watano hupata sumu. Watano mpaka saba hawapati. Kwa nini hawapati? Wengine waliumwa na nyoka kama ukukwi, asiye na sumu. Wengine waliumwa na nyoka mwenye sumu, lakini siku hiyo hakuitoa. Nyoka mwenye sumu huweza kuuma bila kuitia.

Sasa fikiri. Mzee mwenye jiwe anapokea watu 10. Hao watano mpaka saba watapona hata kama angewapaka uji. Nao wataimba sifa zake mpaka kijiji cha pili. Wale watatu mpaka watano waliobaki, baadhi yao watapona kwa shida, baadhi watapata vilema, na baadhi watakufa. Aliyekufa hasimami penye mkutano kusema kwamba dawa haikufaa. Na ndugu zake watasema, "Tulichelewa kumpeleka," au "Kulikuwa na mkono wa mtu."

Ndiyo maana nasema ukukwi ndiye anayempa mganga wa jiwe jina lake. Nyoka huyu mpole ametengeneza sifa ya dawa ambayo haiwezi chochote mbele ya kifutu.

Na jiwe lenyewe si jiwe. Mara nyingi ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukawa mweusi. Watu huniambia, "Lakini daktari, lenyewe linanata penye jeraha. Linavuta sumu. Sumu ikiisha linaanguka." Chukua kigae kikavu cha chungu ukiguse kwa ulimi. Nacho kitanata. Kitu chochote kikavu chenye vitundu vidogo hufyonza unyevu na kunata, kikishashiba huanguka. Jiwe hufyonza tone la damu lililo juu ya ngozi. Sumu imekwisha kuingia chini ya nyama na inasafiri, jiwe haliwezi kuifuata.

Wembe nao vivyo hivyo. Hauitoi sumu. Unafungua mlango wa vijidudu, na kama sumu ni ile inayozuia damu kuganda, umemfungulia mgonjwa bomba. Kunyonya jeraha kwa mdomo, kumwagia petroli, kumpa pombe au mkojo anywe, yote hayo nimeyaona au nimesimuliwa na wagonjwa wenyewe. Sijaona hata moja lililosaidia.

Hapa natarajia msomaji mmoja mwerevu aseme: "Basi, mganga, tufundishe kumtambua huyo ukukwi. Tukimjua, akituuma tutaendelea na kazi zetu."

Hapana. Nakataa kabisa.

Nimesema ukukwi ni wa kijani, mwembamba, ana macho makubwa. Katika nchi yetu yuko nyoka mwingine wa mitini mwenye macho makubwa sana, na baadhi yao ni wa kijani. Huyo ana sumu kali ya kuharibu damu. Meno yake ya sumu yako nyuma ya mdomo. Mtu akiumwa naye huweza kukaa saa nyingi akijiona mzima, akala ugali wake, akalala. Kisha fizi zinaanza kutoka damu. Dawa yake ni ya peke yake; ile ya kawaida ya nyoka wa aina nyingi haimzuii. Na koboko wa kijani naye yuko, katika miti ya pwani na miguuni mwa milima hii, hata katika miembe na minazi. Mkubwa wake hufika mita mbili, lakini mtoto wake si mkubwa kuliko ukukwi. (Wazungu humwita mamba. Niliposoma jina hilo mara ya kwanza nilifikiri ni yule wa mtoni, nikashangaa amepandaje mwembe.)

Nitawapa mfano wa mtu aliyesoma kutuzidi sote. Karl Schmidt alikuwa mtaalamu mkubwa wa nyoka katika makumbusho moja ya mjini Chicago, Marekani. Mwezi wa Septemba mwaka 1957 aliletewa nyoka mdogo aliyetoka Afrika ili amtambue. Alikuwa ni huyo wa mitini mwenye macho makubwa. Schmidt alipomshika, nyoka akamuuma kidole gumba. Kwa kuwa nyoka alikuwa mdogo, na alama ya jino ilikuwa ndogo, Schmidt hakuiona hatari. Alikwenda nyumbani, akaandika katika daftari jinsi alivyojisikia. Alikula, akalala. Kesho yake alikufa.

Kama mtu wa namna hiyo alikosea akiwa na vitabu vyote mezani, wewe na mimi kwenye iliki, mvua inanyesha, roho inadunda, tutatambuaje?

Kwa hiyo ninalolitaka ni hili. Mjue kwamba nyoka wasio na sumu wapo, na wengi, ili msidanganyike na hadithi za waliopona. Lakini anayeumwa na nyoka yeyote, wa kijani, mweusi, mkubwa au mdogo, aje zahanati. Asipopata dalili yoyote kwa saa 24, tutamrudisha nyumbani na tutafurahi pamoja. Sitamcheka mtu aliyekuja kwa ajili ya ukukwi.

Na njiani afanyeje? Mtulizeni. Woga peke yake hufanya mtu ahisi anakufa. Mvueni pete, bangili na viatu kabla mwili haujavimba. Kiungo kilichoumwa kisichezeshwe. Kifungeni pamoja na vijiti viwili kwa kitambaa, kama mnavyofunga mkono uliovunjika, pasipo kukaza. Asitembee mwenyewe kama kuna njia nyingine. Akitapika mlazeni kwa ubavu wa kushoto. Msimpe aspirini, maana nayo huzuia damu kuganda. Kama mmekwisha kumfunga kamba, msiikate kwa ghafla njiani. Mleteni haraka hivyo hivyo, sisi tutailegeza polepole tukiwa tunamwangalia.

Wala msimfukuze nyoka ili mje naye. Yule mjomba alimwua nyoka kwa fimbo akiwa ameinama karibu naye. Angekuwa koboko kweli, ningepokea wagonjwa wawili. Mwenye simu ya picha apige akiwa mbali. Asiye na simu akumbuke rangi na unene. Hata tusipomjua nyoka tutamtibu mgonjwa, kwa sababu dawa ya kuzuia sumu hutolewa kwa kufuata dalili za mgonjwa, si kwa kufuata jina la nyoka.

Dawa hiyo yafaa niieleze kidogo, maana baadhi ya watu hudhani ni sindano ya kawaida na hukasirika wasipopewa. Hutengenezwa kwa msaada wa farasi. Farasi huchomwa sumu kidogo kidogo kwa muda mrefu, mpaka mwili wake unajifunza kuishinda. Kisha hutolewa damu, na ile nguvu ya kupigana na sumu hutengwa na kusafishwa. Ni kazi ndefu, ndiyo maana dawa ni ghali na ni haba. Tena huweza kumletea mgonjwa mzio mkali, akashindwa kupumua. Hivyo aliyeumwa na ukukwi akipewa dawa hiyo bure bure, amepata hatari ambayo nyoka hakumpa. Msione mganga anawaangalia tu mkadhani amezembea. Kuangalia nako ni kazi.

Sasa naomba niseme jambo ambalo wenzangu wa kazi huenda wasilipende. Sisi wa zahanati tuna sehemu yetu ya kosa. Mzee mwenye jiwe yuko karibu. Usiku akigongewa mlango anaamka. Anamwita mgonjwa mwanangu. Malipo hungoja mpaka mavuno. Sisi tuko mbali, na watu wakifika tunauliza daftari la mahudhurio kwanza kabla ya kuuliza salamu. Wakati mwingine hatuna dawa. Mtu aliyepanda mlima saa tatu amebeba mgonjwa, akaambiwa dawa hakuna, safari nyingine ataanzia wapi?

Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017. Mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na vilema vyake kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Mpango huo ni mzuri. Lakini mpango hautembei kwa miguu yake kupanda mlima huu. Nafikiri kila kata ingekuwa na mahali pamoja panapojulikana kuwa na dawa ya nyoka, na kila kijiji kikajua ni wapi. Wanakijiji wana haki ya kuuliza jambo hilo katika mkutano wao wa kijiji, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Nilikwenda pia kwa yule mzee mwenye jiwe. Watu walitegemea tugombane. Nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha, tukanywa chai. Nilimweleza ile hesabu ya watu 10. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo wale waliopona kwangu wote walikuwa ni wa ukukwi?" Nikamjibu, "Si wote, babu, lakini wengi." Hakukubali kwamba jiwe lake halifai. Lakini alikubali jambo moja, nami nimeliona kuwa kubwa. Alikubali kwamba mgonjwa wa nyoka akija kwake, kabla ya kufanya lolote atamwita kijana wa bodaboda, na hatatumia wembe tena wala kamba. Jiwe ataweka kama ndugu wakitaka. Nilimwambia sawa, liwekwe wakati pikipiki inawashwa.

Wako watakaosema nimempa nafasi mno. Huenda. Lakini mzee yule akisema "nenda zahanati" watu wanakwenda. Mimi nikisema, wanasema nina wivu wa kazi.

Mara tatu tangu wakati huo ameleta watu. Wawili hawakuwa na sumu. Wa tatu, mtoto wa miaka saba, alivimba mkono baada ya kuumwa na nyoka gizani jikoni, na tulimfikisha hospitali kabla ya saa tano kupita. Amerudi shule.

Na ukukwi? Nilimwambia yule kijana wa iliki kwamba akimwona tena asimpige. Amwache apite, akiwa nyumbani asogee mbali amwite mtu mzima anayeona vizuri, na afyeke majani yaliyogusa dirisha. Nyoka aliyeachwa huenda zake. Huyu wetu anaishi katika misitu michache tu, na tukiimaliza misitu hiyo naye atakwisha, na vyura wake pia. Kijana alinisikiliza, kisha akautazama mkono wake wenye makovu manane.

"Daktari," akasema, "sitampiga. Lakini na mimi asinisogelee."

Sasa anapalilia na kijiti kirefu mkononi. Kwanza anayatikisa majani ya iliki, anangoja kidogo, ndipo anainama.